Tukimvisha askari, tumvishe na mpagazi

Kwa karibu miaka miwili, tangu Septemba 1914 hadi Mei 1916, Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa hapa kwetu Bugoyi, kaskazini magharibi mwa Rwanda, na mpaka leo tunaionyesha kwa mavazi yasiyo yake. Nimetazama maigizo ya shule na filamu fupi za vijana wetu. Kila mara ni yale yale: vijana kumi ndani ya kaki ya aina moja, kofia nyekundu kichwani, bunduki za mbao begani, na mbele yao Mzungu mwenye kofia ya jua. Mwenye mzigo hayupo. Mimi ni fundi cherehani wa Rugerero, nashona jirani na Mto Sebeya, na riziki yangu naipata kwa sare za wanafunzi. Kwa kuwa nguo ndiyo kazi yangu, nina neno kwa walimu, watengenezaji wa filamu na watu wa makumbusho: vita ile tuishone upya, tuishone kwa usahihi, na tuanze na mtu ambaye hakupewa sare.

Kabla ya vita, mji wetu wa Gisenyi, ambao Wajerumani waliuandika Kissenji, ulikuwa kituo cha Kampuni ya 11 ya jeshi lao la Afrika Mashariki, Schutztruppe. Mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa na kampuni 14, na askari Waafrika wapatao 2,500 chini ya Wajerumani wasiofika 300. Ng'ambo ya mpaka walikuwepo askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Tarehe 24 Septemba 1914, Kapteni Max Wintgens na watu wake walivuka Ziwa Kivu na kukiteka kisiwa cha Idjwi. Wabelgiji walijaribu kuingia upande huu, wakazuiwa. Wajerumani waliushikilia ukingo huu wa Kivu hadi majeshi ya Jenerali Charles Tombeur yalipoanza kusonga mbele Aprili 1916. Kigali ilitekwa tarehe 6 Mei, na Tabora ikafuata tarehe 19 Septemba mwaka huo huo.

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kwangu akiwa na picha kwenye simu. Wanafunzi wake walikuwa wanaandaa igizo la vita hiyo.

"Fundi, nishonee kaki kumi na mbili, sita za Wajerumani na sita za Wabelgiji."

"Za mwaka gani, Mwalimu?"

"Za vita ile ya ziwani."

"Mwanzo wake au mwisho wake? Maana mwanzoni wale wa Kongo hawakuvaa kaki."

Alikaa, na siku hiyo tulizungumza mpaka nikafunga kibanda. Swali la mwaka ndilo msingi wa kazi yote hii. Bila tarehe, mkasi usiguse kitambaa.

Tuchukue Idjwi ya 1914. Vita ilipoanza, vazi la askari wa Force Publique lilikuwa la buluu, pamoja na tarbushi nyekundu na kitambaa chekundu kilichofungwa kiunoni. Kaki iliishika nafasi ya buluu hatua kwa hatua kati ya 1915 na 1917. Kwa hiyo igizo la kutekwa kwa Idjwi likiwavisha watu wote kaki, limekosea tangu pazia linapofunguliwa. Kwa igizo la Wajerumani wakiondoka Gisenyi mwaka 1916, kaki kwa kaki inakubalika. Mtazamaji akiona buluu imegeuka kaki kati ya onyesho la kwanza na la mwisho, ataelewa bila kuambiwa kwamba vita ilidumu, na kwamba majeshi yalijifunza kujificha.

Askari wa Wajerumani naye ana mambo yake. Tarbushi yake ya vitani haikuwa nyekundu. Ilikuwa fremu nyepesi ya kusukwa iliyovikwa kitambaa cha kaki, yenye nembo ya tai mbele na kipande cha kitambaa nyuma cha kukinga shingo na jua. Kutoka kifundo cha mguu hadi chini ya goti alizungushia utepe mrefu wa kitambaa. Mkanda wake ulikuwa wa ngozi ya kahawia, na mifuko ya risasi vilevile. Cheo chake kilionekana kwa tepe nyekundu mkononi: moja kwa ombasha, mbili kwa shaushi, tatu kwa betishaushi. Majina hayo ya vyeo yana asili ya jeshi la Misri na Uturuki, kwa sababu askari wengi wa mwanzo kabisa, wale alioajiri Hermann von Wissmann mwaka 1889, walikuwa Wasudani waliochukuliwa Misri. Fundi anayeweka tepe za cheo bila kujua hayo ataziweka kama pambo tu. Akijua, anashona safari ya watu kutoka Mto Nile hadi Kivu.

Kaki nayo si kitambaa kimoja. Ile iliyovaliwa mwaka 1914 ilitoka Ulaya kwa meli. Waingereza walipofunga bahari, nguo zikaanza kwisha, na koloni zima likalazimika kusokota pamba na kufuma kwa mkono. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, alieleza katika kumbukumbu zake kwamba rangi iliyofaa zaidi ilipatikana kwa mdaa, mmea ambao wasuka mikeka wa pwani wanaujua kwa kutia rangi ukili. Ilitoa manjano yenye ukahawia, isiyoonekana kwa urahisi nyasini wala porini. Sasa mimi nikichukua kaki ya sare za shule, inayong'aa na kunyooka, nikamvisha askari wa mwisho wa vita, nitakuwa nimefuta kazi ya mikono ya watu waliosokota nyuzi zile na kuchemsha rangi ile, na wengi wao walikuwa Waafrika.

Wengi huniambia: "Fundi, picha si zipo? Tazama picha, ushone." Picha za zamani zataka tahadhari kubwa. Sehemu kubwa ya filamu na sahani za picha za wakati ule haikuiona rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi, na buluu ikatoka hafifu karibu na nyeupe. Kwa hiyo askari wa Kongo mwenye koti la buluu na tarbushi nyekundu anaweza kuonekana pichani kama mtu wa nguo iliyopauka na kofia nyeusi. Anayeshona kwa kufuata jicho peke yake atamvisha nguo ambayo hakuwahi kuivaa. Picha lazima isomwe pamoja na maandishi, na pamoja na nguo zenyewe zilizosalia makumbushoni.

Aliyenifungua macho katika haya ni mpwa wangu anayeishi Uswidi, ambaye hunitumia picha za makumbusho ya huko kwa kuwa anajua napenda nguo. Katika makumbusho ya Livrustkammaren jijini Stockholm wamehifadhi nguo alizokuwa amevaa Mfalme Karl XII alipopigwa risasi ya kichwa na kufa huko Norwe mwaka 1718. Koti ni la buluu la kawaida, la kijeshi, bado lina tope. Kofia ina tundu la risasi. Zaidi ya miaka mia tatu imepita, na hakuna aliyethubutu kulifua lile tope, kwa sababu tope nalo ni ushahidi.

Wapo watu kule, raia wa kawaida, wanaoshona upya sare za jeshi la mfalme huyo. Hawasemi tu "sare ya Uswidi ni buluu na manjano" wakaishia hapo. Wanauliza: regimenti gani, mwaka gani? Maana si regimenti zote zilizovaa buluu. Ziko zilizovaa kijivu. Wanauliza pia kampuni ilikuwa na watu gani ndani yake. Kampuni ya askari wa miguu ya wakati huo ilikuwa na watu wapatao 150, na karibu theluthi moja yao hawakubeba bunduki, walibeba mikuki mirefu. Ukionyesha kampuni nzima yenye bunduki, umeonyesha jeshi ambalo halikuwepo.

Na Waswidi wana kitu ambacho nakitamani kwa ajili yetu. Chini ya utaratibu ulioimarishwa na Mfalme Karl XI katika miaka ya 1680, mashamba machache yaliungana kumtunza askari mmoja: kumpa kibanda, kipande cha ardhi na mavazi. Orodha za ukaguzi wa askari hao zimehifadhiwa hadi leo katika hifadhi ya nyaraka za vita. Anayeshona koti anaweza kupata jina la mtu aliyelivaa, na kijiji kilichomtoa.

Hawafichi hata aibu. Mwanzoni mwa mwaka 1719, jeshi la Jenerali Carl Gustaf Armfeldt lilirudi kutoka Norwe kupitia milimani, likakutwa na dhoruba ya theluji, na karibu watu 3,000 wakafa kwa baridi. Walikuwa wamevaa nguo zilizochakaa. Huko Tydal, upande wa Norwe, kisa hicho bado kinaigizwa jukwaani. Watu wale wanajua jambo ambalo kila fundi anapaswa kulijua: nguo ya vitani si urembo. Inaamua nani atafika na nani atabaki njiani.

Hapo ndipo ninapomrudia mpagazi wa Bugoyi.

Kampuni moja ya Schutztruppe ilikuwa na askari wapatao 160, Wajerumani chini ya 20, bunduki mbili za mtombo, na wapagazi karibu 250. Kando yao walikuwepo rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa ambao hawakuwa na sare maalumu, kila mmoja na alichokuwa nacho. Walikuwepo pia wake wa askari, watoto wao, na vijana wa kupika na kubeba vyombo. Hilo ndilo umbo halisi la jeshi lililopita kwenye njia zetu. Ukiwa na wanafunzi 20 wa kuigiza, na ukitaka kusema kweli, mgawo wako ni Mjerumani mmoja, askari saba, rugaruga mmoja na wapagazi kumi na mmoja. Wapagazi ndio wengi. Igizo lisilo na mpagazi limeondoa zaidi ya nusu ya jeshi.

Upande wa Wabelgiji hesabu inatisha zaidi. Tombeur alikuwa na askari Wakongo karibu 12,000. Kwa vita nzima ile ya Afrika Mashariki, hesabu inayotajwa kwa wapagazi waliotumiwa na Wabelgiji ni watu wapatao 260,000, wengi kwa vipindi vifupi. Waingereza nao walitumia karibu watu milioni moja. Mzigo wa kawaida ulikuwa kati ya kilo 25 na 30, juu ya kata kichwani, kwenye njia za milima ya baridi na mvua. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na homa ya mapafu, na njaa. Mtu aliyetolewa bonde la joto akapandishwa nyanda za volkano bila blanketi alikuwa amekwisha kuhukumiwa na nguo yake.

Na waliobaki nyumbani walilipa pia. Wazee wa hapa bado wanaitaja Rumanura, njaa iliyoipiga kaskazini magharibi mwa Rwanda kuanzia 1916. Majeshi yalikuwa yamekula mavuno, yamechukua ng'ombe, yamechukua mikono ya kulima. Nyanya yangu alikuwa akisimulia habari za familia zilizoondoka Bugoyi kwa miguu kutafuta chakula, na hakuwahi kusimulia sauti ikiwa imara. Ukiniuliza Vita Kuu ya Kwanza iliacha nini Rugerero, jibu langu ni hilo kwanza, kabla ya jina la kapteni yeyote.

Basi mpagazi alivaa nini? Hapa kwetu wakati ule watu wengi walivaa impuzu, kitambaa cha gome la mti wa umuvumu, au ngozi. Waliotoka mbali zaidi, njia za Tabora na Ujiji, wengi walivaa merikani au kaniki, kipande kimoja kiunoni, mpaka kinachanika. Kushona nguo hizi ni kazi ngumu kuliko kushona koti la askari. Koti la askari lina michoro, lina vipimo, lina mifano makumbushoni. Nguo ya mpagazi iliozea mgongoni mwake. Hakuna aliyeihifadhi. Lakini njia ipo: Makumbusho ya Etnografia ya Huye yanaonyesha mavazi ya zamani ya Rwanda, na jirani zetu Waganda bado wanatengeneza kitambaa cha gome kwa ustadi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Kitambaa halisi kinapatikana. Kinachokosekana ni uamuzi wa kukitafuta.

Kuna kisa kimoja, kilichosimuliwa vitabuni, ambacho ndicho kilichonisukuma kuandika haya. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani wa Schutztruppe waliokuwa bado hai. Wazee kama 350 walikusanyika Mwanza. Wachache sana walikuwa na vyeti vyao vya mwaka 1918. Wengine wakatoa vipande vya sare zao za zamani kuwa ushahidi. Waliosalia bila chochote, mtumishi wa benki aliyeleta malipo aliwapa ufagio mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani waushike kama bunduki, na wote wakatekeleza amri bila kukosea.

Fikiria kisa hicho kwa upande wa mpagazi. Askari alikuwa na kipande cha kaki cha kuonyesha, na asiyekuwa nacho alikuwa na amri alizozishika mwilini. Mpagazi angeonyesha nini? Hakupewa sare, hakupewa cheti, hakufundishwa kushika bunduki. Alichokuwa nacho ni shingo iliyobeba mzigo, na hakuna aliyeikagua. Kwa hiyo sisi tunapomwacha nje ya jukwaa leo kwa sababu "hana sare ya kuvutia", tunatumia kipimo kile kile kilichomnyima haki yake wakati ule. Hilo ndilo linaloniumiza.

Wapo wanaonipinga kwa hoja nzito, nami nawaheshimu. Wanasema nchi hii imeona sare na bunduki za kutosha. Kwa nini tuwavishe watoto wetu nguo za jeshi la mkoloni? Nakubali kwamba hapa Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, nguo ya kijeshi si ya kuchezea. Kwa hiyo nasema yafanyike ndani ya shule na makumbusho, kwa idhini ya viongozi wa sekta na wilaya, bila mtu kutembea nazo barabarani, na bila shangwe za kupiga risasi. Lakini kutoonyesha kabisa hakuondoi jeshi lile katika historia yetu. Kunawaacha watoto na picha ile ya uongo ya vijana kumi nadhifu wa kaki. Mavazi sahihi hayatukuzi vita. Mtoto akiwaona wapagazi kumi na mmoja waliojifunga magome nyuma ya askari saba, hatatamani kuwa jeshini wakati ule. Atauliza nani aliwachukua watu hawa, na walirudi?

Wengine wanasema hatuna utamaduni wa kushona upya nguo za vita. Si kweli. Tunao, tena mzuri. Mchezaji wa intore, ngoma yetu ya mashujaa, anapoingia uwanjani na umugara, manyoya marefu ya kusukwa, kichwani na amayugi, yaani njuga, miguuni, anavaa kumbukumbu ya majeshi ya wafalme wetu. Hakuna mzee anayekubali umugara uliosukwa ovyo. Atamrudisha kijana akautengeneze. Ukali huo huo wa jicho ndio ninaouomba kwa vita ya 1914. Hata katika jiji la Nairobi, mnara wa ukumbusho uliowekwa mwaka 1928 unamwonyesha mpagazi amesimama pamoja na wapiganaji wenye silaha. Kama wakoloni waliona ni haki kumweka pale, sisi wajukuu wake tunasubiri nini?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Makumbusho ya Nyumba ya Kandt ya Kigali, ambayo tayari yanasimulia enzi ya Wajerumani, yaonyeshe kampuni moja kamili kwa mgawo wake wa kweli, mpagazi na mke wa askari wakiwemo, kila vazi likiwa na mwaka wake. Pili, kila shule ya wilaya yetu ya Rubavu inayoigiza vita hii ianze na tarehe moja na mahali pamoja, kisha ndipo imwite fundi. Tatu, wanafunzi wetu wapite kwa wazee wa Rugerero, Nyamyumba na Kanama, waandike majina ya wapagazi ambayo familia bado zinayakumbuka, kabla hayajaenda na wanaoyajua. Waswidi walikuwa na makarani wa mfalme wa kuwaandikia. Sisi tuna vinywa vya wazee, na muda wao ni mfupi.

Kwa upande wangu, shule yoyote ya wilaya hii itakayoweka wapagazi wengi kuliko askari jukwaani, nitaishonea mavazi ya wapagazi bila ujira. Kitambaa tutakitafuta pamoja. Mwalimu yule wa sekondari amekwisha kubadilisha agizo lake: makoti manne ya buluu, matatu ya kaki, na wanafunzi wote waliobaki watabeba mizigo. Nawaomba mafundi wenzangu wa Gisenyi, na wa Goma ng'ambo ya mpaka, waitikie vivyo hivyo, maana wapagazi wale walitoka pande zote mbili.